Simu ya Kimya ya Mama Baraza

Ukiingia sebuleni kwa Mama Baraza ukakuta simu imelala kwenye sinia, spika iko wazi na hakuna anayezungumza, ulitakiwa kukaa bila kusalimia. Shikamoo yako ungeiweka kwanza. Yeye angekuonyesha kiti kwa kidevu, kisha angerudi kuinamia lile sinia, jicho moja amelifumba, akisikiliza nyumba za watu. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kelele, na mara ya kwanza nilipokaa pale nusura nitoke mbio. Kwenye ile simu alisikika kuku, ukafuata mfuniko wa sufuria, halafu mtu akashusha pumzi karibu kabisa na sikio langu. Niligeuka kutazama nyuma ya kiti. Mama Baraza aliniona, akacheka kimoyomoyo, mabega yakamtikisika.

Jina lake la ubatizo walilijua watu wa kanisani kwake, maana alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kiti cha mbele. Sisi wengine wa mtaa wa Kwa Mathias hapa Kibaha, Waislamu kwa Wakristo, tulimwita Mama Baraza kwa sababu alikaa miaka mingi kwenye baraza la kata, mpaka baraza lenyewe likamchosha. Alisimulia kwamba kesi ya mpaka wa shamba ilikuwa ikianza masika inakutwa na vuli, na wenye kesi walifika wamevimba miguu, wakagombana kwa hasira ya safari zaidi kuliko hasira ya shamba. Ukitoka Masaki ya Kisarawe kuja Kibaha kwa kuzungukia Dar, unapanda bodaboda, unapanda basi, unapanda basi tena, na ukifika unaambiwa wajumbe wameshatawanyika. Mwanawe alipomnunulia simu kubwa, Mama Baraza akaona dawa iko humo. Tangu hapo alisuluhisha watu akiwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, miguu imo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, upande mmoja wa ugomvi uko Soga na mwingine uko Kisarawe mjini.

Utaratibu wake ulikuwa wake peke yake. Alifungua kundi la watu watatu, yeye katikati, na humo ndani hakuna aliyeruhusiwa kuandika.

"Ukiniandikia 'sawa', mimi nitajuaje kama umenuna?" alikuwa akisema.

Alitaka voisi, na voisi zije kwake, si kundini. Tena alikuwa na ubishi mmoja ambao uliwatia watu wazimu: pendekezo lako la kwanza hakulipeleka kwa mwenzako. Kamwe. Alilisikiliza mpaka mwisho, akakuambia, "Hilo nimelisikia, nimelifuta. Niletee la pili." Wengine walimtukana. Wengine walirudisha lile lile kwa maneno mengine, naye akalifuta tena. Alijua kwamba mtu akianza hudai dunia na vilivyomo, na mwenzake akisikia hivyo naye hudai mbingu, halafu wiki nzima mnapatanisha vitu ambavyo hakuna aliyevitaka.

Kati ya pendekezo la kwanza na la pili ndipo aliweka simu ya kimya. Aliwapigia wote wawili kwa pamoja, akawaambia wainjike wali, waweke simu karibu na jiko, spika wazi, na mtu asiseme neno mpaka wali ukauke. Wa nani ukitangulia kukauka, huyo ana ruhusa ya kufungua mdomo. Sharti lake lilikuwa moja tu, na alilitamka kwa sauti ya chini iliyokuwa inanitia ubaridi wa mgongo.

"Msikate."

Nilipomuuliza kwa nini wali, alinijibu kwamba hataki kusikiliza mtu mwenye njaa, atamdai hata roho. Lakini nadhani wali ulikuwa kisingizio. Alitaka usikie nyumba ya adui yako. Mtu uliyemwita nyoka wiki nzima, unamsikia anatafuta chumvi. Anamwambia mtoto anyamaze. Anakohoa. Ukishamsikia anatafuta chumvi, unyoka wake unapungua, upende usipende.

Mimi nilimjua kwa ugomvi wa gauni. Binti mmoja wa Kisarawe aliona picha mtandaoni, akanitumia nimshonee gauni la harusi kama lile, vipimo akanitajia kwenye simu. Nikamshonea, nikalituma. Likafika, akaenda kuniumbua mtandaoni kwamba nimemshonea shuka. Hasira zilinipanda, nilitaka anilambe miguu. Mama Baraza akafuta pendekezo langu (lilikuwa na matusi mawili mazito), akatuweka kwenye kimya. Nikiwa nimesimama juu ya jiko langu nilisikia kule upande wa pili kitambaa kinavutwa, kinavutwa tena, kisha sauti ya mwanamke mzima akimwambia binti, "Vuta pumzi ndani, mume wako asije akajua mapema." Hapo nikaelewa vipimo vilikuwa vya miezi iliyopita. Sikusema nilichosikia. Nilisema nitaongeza kiunoni, na yule binti akafuta maneno yake kabla sijamaliza kula.

Alijivunia kasi, Mama Baraza. Kesi iliyoisha huku wali bado una mvuke aliisimulia wiki nzima. Na mtu huyohuyo kanisani alifika wimbo wa pili umeshaanza, kila Jumapili, akakatiza katikati ya watu kwa khanga inayoburuta. Alitufundisha kunyamaza, lakini redio yake ya kwaya ilisikika mpaka kituoni. Aliwapatanisha watu wa wilaya mbili, lakini yeye na jirani yake wa ukuta kwa ukuta hawakusemezana kwa sababu ya jogoo. Nilimtania siku moja, kwa nini asimwekee jirani simu ya kimya.

"Yule? Namsikia bure kila siku," alinijibu. "Ndiyo maana simpendi."

Lakini zilikuwepo nyakati ambazo utani ulikatika. Alizisikia nyumba kupita kiasi. Alijua bati la nani limeachia msumari, alijua nani analala na redio. Mjane mmoja wa kiume wa Soga aligombana na mkwewe juu ya nyumba, nikawepo siku ya kimya chao. Wali ulipokauka, Mama Baraza hakuuliza habari ya nyumba. Alimuuliza yule mzee, "Umekaa na nani hapo?"

"Niko peke yangu, mama. Tangu nizike niko peke yangu."

"Kuna mtu anakoroga chai nyuma yako."

Mimi nilikuwa nimesikia ule mlio wa kijiko, nikadhani ni wa yule mzee mwenyewe. Baadaye kidogo tukasikia kiti kinasogezwa, na yule mzee akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta, "Mwachieni mkwe nyumba. Mimi chumba kimoja kinanitosha." Mama Baraza akakata. Ilikuwa mchana, jua kali, wauza mahindi wanapiga kelele barabarani, na mwili wangu ulikuwa umesisimka mpaka vidoleni. Yeye alitoa miguu kwenye beseni, akaifuta, akaniomba nimfungulie redio.

Nimekwepa vya kutosha. Ugomvi uliofanya nimwandike ni wa kwangu mimi na mdogo wangu Salehe, na aliyekuwa anagombewa ni mama yetu.

Mama yetu aliishi Masaki na Salehe, kwenye shamba la mikorosho. Alishaanza kusahau. Aliniita kwa jina la dada yake, alivaa kanzu ya marehemu baba. Mimi nilitaka aje Kibaha, hospitali iko karibu, nami niko karibu. Salehe, ambaye mkewe alishamkimbia, alisema mama akitolewa kwenye uwanja wake atakufa. Tulitupiana maneno ambayo ndugu hawatupiani. Nilimwambia anamshikilia mama ili apate wa kumpikia. Aliniambia namtaka mama kama pambo la dukani. Nilikuwa nimewahi kumleta kwangu mara moja, ni kweli, na alikaa kwenye kiti siku zote zile kama mzigo uliosahauliwa kituoni, hakugusa kitu. Lakini nilikuwa naogopa. Ndiyo neno lenyewe. Niliogopa augue masika, barabara ya Masaki ikiwa tope, na asifike popote.

Mama Baraza alifuta pendekezo langu, akafuta la Salehe, akatuambia tuinjike wali.

Nilikaa chini kwenye korido yangu ya kupanga, jiko la gesi mbele yangu. Nilisikia kuni za Salehe zinalia. Nilisikia kuku. Halafu nikasikia fagio.

Lilikuwa fagio la chelewa juu ya mchanga, na nililijua. Mama yetu alikuwa na mguu mmoja mzito, hivyo alifagia kwa kusogea upande mmoja, mfagio mrefu, mfupi, mfupi, kisha akasimama akagonga kitako cha fagio kwenye kiganja ili njiti zijipange. Nimeamka na mlio ule utoto wangu wote. Mrefu, mfupi, mfupi, kiganja. Mama yangu, aliyekaa kwangu kama mzigo, kule kwake alikuwa amesimama anafagia uwanja! Machozi yalinitoka mpaka yakaingia kwenye sufuria. Wali ulipokauka tu Mama Baraza akakata, nami papo hapo nikamtumia voisi: mama abaki Masaki, mimi ndiye nitakayekuwa nakwenda.

Jibu lilirudi upesi. "Limekubaliwa. Kuleni."

Nilitimiza. Kila nilipopata nafasi nilikwenda, na kila nilipofika nilimkuta mama kitandani, Salehe yuko shambani, na uwanja umefagiwa safi. Nikajisemea, amefagia asubuhi, amechoka. Masika yakaja. Mama akashikwa na homa, bodaboda ikakwama kwenye tope kabla ya kufika barabara kubwa, wakamrudisha kwenye kitanda cha kamba. Nilifika akiwa ameshafunikwa.

Kwenye matanga, Salehe alikaa karibu yangu, amejikunja.

"Ungekubali tu aje kwako, dada," alisema. "Leo tungekuwa naye."

"Nikubali nini?"

"Si nilituma? Siku ile ya kimya. Nilimwambia Mama Baraza, dada amchukue mama, nitamleta mwenyewe mpaka Kwa Mathias. Akanijibu wewe umeshaamua abaki."

"Salehe, mimi nilisema abaki kwa sababu nilimsikia anafagia."

"Nani?"

"Mama. Kwenye simu, wakati tunapika."

"Mama alikuwa hainuki, dada. Tangu Ramadhani alikuwa hainuki. Uwanja nilikuwa nafagia mimi, jioni, nikitoka shambani. Lile fagio lilikuwa kwako! Mimi ndiyo nikalainika. Nikasema, kumbe dada ndiye aliyechukua mkono wa mama, basi mama atajiona yuko nyumbani."

"Kwangu ni vigae, Salehe. Nafagia kwa fagio la plastiki."

Hapo tungeweza kushikana mikono. Badala yake kila mmoja alichukua ile sehemu iliyomuuma. Yeye aliamini nilimkataa mama halafu nikatunga hadithi ya fagio. Mimi niliamini alitaka kumtua mama kama furushi kisha anakuja kunililia. Aliondoka kwenda shamba bila kuniaga, na nilipompigia nikakuta ameifungia namba yangu, simu haiiti hata mara moja. Mama nilikuwa nimeshampoteza. Sasa hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyewahi kuusikia mlio ule ila Salehe, na huyo mmoja hakutaka kunisikia.

Kuhusu Mama Baraza, nilifikia uamuzi wangu kwenye cherehani, mguu ukikanyaga. Kwenye simu ile tulikuwa watatu. Kama fagio halikuwa kwangu wala kwa Salehe, basi alilifagia yeye. Alitaka kesi iishe wali ukiwa na mvuke, akatuchezea. Nilimchukia kwa kweli. Nilipita mbali na nyumba yake, na niliposikia kwamba kiharusi kimempiga, sikwenda kumjulia hali na wenzangu.

Nilikwenda peke yangu, baadaye sana, mchana mmoja, kwenda kumgombeza. Nilimkuta sebuleni kwenye kiti kilekile. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine, na mdomo ulivutika kidogo. Redio ilikuwa kimya. Sikumwamkia.

"Umekuja kugombana," alisema, maneno yakimtoka polepole. "Injika wali kwanza."

"Ni wewe uliyefagia?"

Hakuuliza nini. Alinyoosha kidevu kuelekea mlangoni. Nje uwanja wote ulikuwa umesakafiwa vitofali, ukuta kwa ukuta, kama nilivyoujua tangu mwanzo na kama nilivyokuwa nimekataa kuukumbuka.

"Sijashika fagio la chelewa tangu niweke vile vitofali. Nilidhani ni mmoja wenu."

"Na voisi ya Salehe je? Mbona hukuniambia?"

"Yako iliingia kwanza. Yake ikafuata, hata dakika haikupita. Nikaona nikiwaambia mtaanza upya, kila mmoja anamsukumia mwenzake mama. Kesi ilikuwa imeisha. Nilitaka iishe."

"Haraka yako imemuua mama yangu."

Nilitegemea ajitetee. Mama Baraza aliutazama mkono wake uliolala.

"Inawezekana," alisema. "Nalala nalo hilo."

Nilikaa. Ile hasira niliyoibeba miezi yote sikujua niiweke wapi. Alingoja nitulie, kisha akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa hajamwambia hata mchungaji wake.

"Nililisikia tena. Tangu mmemzika mama yenu. Kwa watu wa Soga, kwa watu wa Mlandizi, watu hawajuani. Wameinjika wali, wamenyamaza, halafu linakuja. Linasogea upande mmoja, linasimama, linagonga kiganja. Na kila lilipopita, watu walipatana. Niliacha kusuluhisha kabla ya huu ugonjwa, mwanangu. Watu wanadhani ni kiharusi. Niliogopa."

Chumba kilikuwa na joto, lakini nilijifunika khanga mabegani. Nilimwambia, na sauti ilinitoka kama ya mtoto, kwamba mimi sijalisikia tena hata mara moja. Kwa nini waende kusikia watu wa Mlandizi, mimi nisisikie?

"Kwa sababu hupigi simu," alisema. "Leta sinia."

Nikainjika wali jikoni kwake, nikaleta sinia, nikaweka simu juu yake. Alimpigia Salehe kwa mkono wa kushoto. Salehe alipokea, maana ni namba ya Mama Baraza, na mtu aliyelelewa Masaki hawezi kumkatia simu mama mtu mzima. Aliamkia.

"Marahaba. Weka wali jikoni, baba. Dada yako yuko hapa. Msikate."

Nilidhani atakata. Nilihesabu moyoni nikaacha. Halafu nikasikia mlango wa bati, kuni zikivunjwa, maji yakimiminwa. Nikamsikia akipiga chafya, ile chafya yake ya kuzuia aliyokuwa nayo tangu yuko darasa la kwanza. Nikafumba macho nikasikiliza kwa mwili wote. Nilitafuta mchanga, nilitafuta njiti, nilitafuta kiganja. Kuku. Upepo kwenye mikorosho. Nilimwomba Mungu, nikamwomba mama mwenyewe. Hapakuwa na kitu. Harufu ya wali wa Mama Baraza ilianza kugeuka ya kuungua, na hakuna aliyeinuka.

"Dada," Salehe akasema.

"Naam."

Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. "Dada, nani anafagia hapo?"

Nilimtazama Mama Baraza. Mkono mmoja ulikuwa mapajani, wa pili umeshika ukingo wa sinia, na jicho lake moja lilikuwa limefumbwa. Nje vitofali vilikuwa vitupu, vinang'aa kwa jua. Nilisikiliza tena, na mimi kwa upande wangu sikusikia chochote isipokuwa mdogo wangu anaanza kulia.

"Usikate," nikamwambia.